Ripoti ya bayopsi imetaja limfoma, nyumbani kumekuwa matanga. Wenye kujua ngozi tusaidieni kuisoma

Mwalimu_wa_Langoni

Assalamu alaykum, na salamu kwa wote.

Naandika kutoka Lamu. Dada yangu, mwenye umri wa thelathini na kitu, ana vinundu kwenye mikono na nyayo kwa juu. Ni vigumu ukivigusa, rangi yake imeelekea zambarau, na vinamwasha usiku kupita mchana. Duka la dawa wamempa krimu hii na ile. Akipaka vinanywea, akiacha vinarudi. Mwisho akakatwa kinyama mkono wa kulia, kikavushwa Mokowe kikaenda Mombasa.

Karatasi imerudi. Nimeisoma mara nyingi hadi imelegea. Inasema kuna mkusanyiko mzito wa limfosaiti kwenye ngozi, baadhi zimepanda hadi tabaka la juu, na kwamba "limfoma ya ngozi haiwezi kuondolewa kwenye orodha, tafadhali oanisha na hali ya mgonjwa."

Nyumbani limesomwa neno moja tu. Mama keshaanza kulia kilio cha hitima na mwenyewe yuko jikoni anakaanga samaki. Shangazi anaulizia nauli ya India. Mimi nataka kujua kabla hatujaita harambee: hii ni saratani au siyo? Kuna kitu kingine kinachofanana nayo?

Nahodha_Kizingitini

Pole sana mwalimu. Ni kupe wa punda hao, nakwambia. Hapa kisiwani punda wanapita hadi sebuleni. Angalieni kupe.

Mzalendo_Hindi

Mwalimu, usicheze na hilo neno. Nendeni India mapema. Jirani yangu wa hapa kijijini Hindi, Lamu, alingojea akafa.

Bibie_wa_Shela

Mzalendo nawe, mtu kaomba maji unampa kaburi. Huyo jirani alikuwa na ugonjwa gani?

Mzalendo_Hindi

Saratani ya koo.

Bibie_wa_Shela

Haya basi.

Tabibu_Ngozi_Malindi

Mwalimu, pole kwa mtikisiko. Mimi ni klinikal ofisa wa ngozi, niko Malindi, mafunzo ya ngozi nilipatia Moshi, Tanzania, pale hospitali ya KCMC. Dada sijamwona, kwa hiyo sitasema ana nini wala hana nini. Karatasi lakini naweza kukusomea.

Aliyeiandika hakusema limfoma. Amesema: nilichokiona kwenye darubini chaweza kuwa limfoma, chaweza kuwa kitu kinachoiga limfoma, na mgonjwa unaye wewe, sinaye mimi. Hayo maneno ya "oanisha na hali ya mgonjwa" watu huyaruka kama salamu za mwisho wa barua. Kwenye ripoti ya namna hii ndiyo yenye kazi yote.

Limfosaiti ni chembe nyeupe za damu, za ulinzi; limfoma ni saratani ya chembe hizo. Mdudu akiuma, au kemikali isiyopatana na ngozi ikigusa, hukimbilia pale. Kwa watu wengine huja nyingi mno, na hazitawanyiki hata chanzo kikishaondoka. Kinundu hukaa miezi. Ukikikata na kukitazama unaona limfosaiti zimejaa pomoni, na jicho lolote lenye uzoefu lazima liwaze limfoma. Hali hiyo inaitwa sudolimfoma, limfoma ya bandia. Haikuanza jana: mwaka 1943 Bäfverstedt wa Sweden aliandika kuhusu uvimbe wa aina hiyo na kusisitiza kwamba hauna madhara.

Tofauti yake ni hivi. Tazama gati la Mokowe asubuhi: wachukuzi, wanafunzi, akina mama wa samaki, askari, watalii na mabegi yao. Kumejaa hakupitiki, lakini ni mchanganyiko. Mkusanyiko wa bandia mara nyingi ndivyo ulivyo, chembe T na chembe B (makundi mawili ya limfosaiti) pamoja, na chembe nyingine za ulinzi kama chembe za plazma na eosinofili, kila mtu na shughuli yake. Limfoma ni gati lililojaa mtu mmoja aliyejinakili. Shida ni kwamba daktari wa patholojia hapewi gati zima, anapewa kipande cha milimita chache, na wapo waigaji ambao hata kwenye kipande kizuri wanamchanganya.

Waigaji wenyewe ni wengi. Wadudu wanaongoza. Nahodha, kupe wa Ulaya hubeba bakteria wa Borelia, na huyo huleta kinundu cha bluu-nyekundu kwenye ndewe la sikio au kwenye chuchu. Kupe huyo si wa kwetu. Lakini mdudu yeyote akiuma anaacha mate yake, na ngozi nyingine haimsamehi kwa muda mrefu. Kuna upele, ule wa kuwashana nyumba nzima: unaweza kutibiwa ukaisha, kisha vikabaki vinundu vya kwapani, kinenani na sehemu za siri kwa wiki au miezi, na ndani yake hakuna mdudu aliye hai. Kuna dawa za kumeza, za kifafa hasa. Kuna rangi nyekundu ya tatuu. Kuna vipuli vya dhahabu kwa wale ambao mwili wao unaikataa dhahabu. Na kuna vitu vya kupaka.

Kwa hiyo kabla ya India, nijibu haya. Anakunywa dawa gani, hata ya presha, hata ya "kutuliza mawazo"? Kuna mwingine nyumbani anayejikuna? Amepima virusi vya ukimwi (usikasirike, swali hili tunamuuliza kila mtu, kwa sababu virusi vyenyewe vinaweza kuleta mkusanyiko wa namna hii)? Ana mitoki shingoni, kwapani au kinenani? Amekonda, analowa jasho usiku? Na la mwisho, ulitumie muda: ngozi hiyo, mahali hapohapo penye vinundu, iliguswa na nini kabla havijatoka?

Mwalimu_wa_Langoni

Dawa hanywi. Wanawe hawajikuni. Kipimo alipima kliniki ya wajawazito na alikuwa salama, lakini ni zamani, tutarudia. Hajakonda, na mitoki daktari alimpapasa akasema hakuna.

Hilo la mwisho nilimuuliza nikidhani atasema sabuni. Akaleta picha za harusi ya binamu yetu. Mikono imepambwa kwa hina nyekundu mpaka kwenye viwiko na piko nyeusi juu yake, miguu vilevile. Tukaweka simu kando ya mkono wake. Vinundu vimefuata maua. Pale kwenye kifundo cha mkono palipokuwa na duara la piko kuna duara la vinundu, limekatika mahali palepale mchoro ulipokatika. Mahali palipokuwa na hina tupu pako safi.

Bibie_wa_Shela

Subhanallah.

Fundi_wa_Maua

Yeo ndiyo tumesikia kwamba sisi twaambukiza watu saratani. Mimi napaka maharusi hapa Amu tangu sijaolewa, nimepaka watoto wa niliowapaka mama zao. Hina naitwanga mwenyewe, natia ndimu na mafuta ya karafuu. Piko wanaitaka wao wenyewe, bibi harusi asiyekuwa na piko aambiwa hakupambwa. Kila mkono ukitoka kipele ni fundi? Mbona hao wengine mia hawakuota kitu?

Tabibu_Ngozi_Malindi

Fundi, shikamoo, na hakuna aliyesema saratani hapa. Swali lako la wale mia ni zuri na jibu lake ndilo kiini cha mzio: mwili mmoja unazoea, mwingine unaweka chuki. Mara ya kwanza hata yeye huenda hakuona kitu. Mara ya pili au ya tatu ndipo ngozi ikakumbuka.

Hina ya majani haigeuki nyeusi tititi, wewe unalijua hilo kuliko mimi, na yahitaji saa kadhaa kushika. Piko inashika upesi kwa sababu ni rangi ya nywele, na ndani yake mna kitu kinaitwa parafenilendiamini. Kwenye pakiti nyingi kimefupishwa PPD. Ulaya kinaruhusiwa kwenye rangi ya nywele kwa kiwango kilichopimwa, na kukipaka ngozini moja kwa moja hakuruhusiwi. Huku kwetu unga unakorogwa kwa kukisia, na mchoro unaachwa ukauke kwenye ngozi.

Mzio wake wa kawaida ni malengelenge na muwasho mkali, siku chache hadi wiki mbili baada ya kupakwa, kisha unapoa na kuacha alama ya mchoro, nyeupe au nyeusi. Hao nawaona kila baada ya msimu wa harusi. Vinundu vigumu vinavyokaa ni vichache. Lakini aina hiyo ya mzio wa kugusa ambao kwenye darubini unafanana na limfoma imeandikwa vizuri: mwaka 1976 madaktari wa Hispania, Gómez Orbaneja na wenzake, walieleza wagonjwa wanne waliopata hali hiyo kutokana na kemikali ya viberiti. Tangu hapo orodha ya vinavyoileta imeongezeka, na PPD imo, pamoja na dhahabu na nikeli.

Mwalimu, usishangilie bado. Picha za harusi ni ushahidi mzuri sana, ila mtu mwenye mzio wa piko hajakingwa na ugonjwa mwingine. Kinachotakiwa sasa:

Krimu zote za steroidi ziachwe kwa wiki mbili hadi nne, kama daktari wake atakubali, kisha akatwe tena. Nashuku kipande cha kwanza kilikatwa kwenye kinundu kilichokuwa kimepakwa betamethazoni, mojawapo ya steroidi hizo, jana yake. Krimu hizo hupunguza limfosaiti na kuharibu mpangilio wake, anayesoma anabaki na nusu ya hadithi. Na safari hii fomu iandikwe neno piko, kwa herufi kubwa.

Halafu, ngozi ikitulia, apimwe mzio kwa viraka vya mgongoni. Vinabandikwa saa 48, vinatolewa na kusomwa, vinasomwa tena siku mbili tatu baadaye. Havijapatikana kila mahali, Mombasa aulizie kwa daktari bingwa wa ngozi. Tafadhali asijaribu nyumbani kwa kujipaka piko "kidogo tu tuone".

Maabara_Pwani

Naomba niongeze kwa upande wetu sisi tunaopokea vichupa. Sifanyi kazi ilikosomwa sampuli ya dada, nasema kwa jumla.

Fomu ya bayopsi ina kisanduku cha historia ya mgonjwa. Nimeshika fomu ambazo kisanduku hicho kimeandikwa "kinundu". Basi. Kinundu wapi, tangu lini, kinawasha au hakiwashi, kimoja au ishirini, mgonjwa anakunywa nini, hakuna. Kipande chenyewe kimebanwa na koleo hadi limfosaiti zimevutika kama nyuzi, na hizo ni chembe laini, zikipondwa hakuna anayeweza kuapa ni za nini. Pengine kimechotwa juujuu, na wakati mwingine sehemu ya kuamua iko chini karibu na mafuta: mkusanyiko wa bandia huelekea kuwa mzito juu na kupungua kadiri unavyoshuka, limfoma za chembe B mara nyingi ni kinyume, zito chini. Hiyo si hukumu, ni mwelekeo tu. Lakini bila kina hata mwelekeo huupati.

Kinyama kiingie kwenye formalini ya asilimia 10, na maji hayo yawe mara kumi ya kipande, siyo kichupa cha matone mawili. Chumvi na spiriti hapana. Chombo kisiwekwe kwenye friza.

Ripoti ya kwanza aghalabu ni ya rangi ya kawaida, ile ya waridi na zambarau. Hatua inayofuata ni kupaka kingamwili zinazotambua aina ya chembe: CD3 kwa chembe T, CD20 kwa chembe B, CD4 na CD8 kuona uwiano, CD30 kwa chembe kubwa zilizochangamka. Familia zinasikia "CD30 imeonekana" na kuanguka. Jamani, CD30 inaonekana hata kwenye vinundu vya upele na pale mdudu alipouma. Kuna pia kipimo cha vinasaba kinachoangalia kama chembe zote zimetokana na moja. Nacho si hakimu: sudolimfoma zingine hutoa jibu la "zimetokana na moja", na limfoma changa yaweza kutoa jibu la mchanganyiko. Kwa hiyo msiuze ng'ombe kwa ajili ya kipimo hicho pekee.

Mama_Watatu_Mpeketoni

Samahani naingilia. Tabibu umetaja dawa za kifafa. Mwanangu ameanza fenitoini na sasa ana mitoki shingoni na joto. Niache kumpa?

Tabibu_Ngozi_Malindi

Mama, usiache mwenyewe, na usingoje uzi huu. Nenda hospitali leo, si kesho, na kopo la dawa mkononi. Fenitoini na kabamazepini zinaweza kuleta homa, vipele na mitoki katika wiki au miezi ya mwanzo, na mara nyingine ini linaguswa. Saltzstein na Ackerman waliandika mwaka 1959 kuhusu mitoki ya dawa hizi iliyofanana na limfoma kwa jicho na kwa darubini. Dawa ikibadilishwa, kwa kawaida hunywea. Lakini kuikata ghafla bila nyingine kunaleta degedege lisilokatika, kwa hiyo anayebadilisha ni daktari. Na joto hilo laweza kuwa malaria, wapime pia. Ukimwona ana vidonda mdomoni au macho mekundu, chukua pikipiki sasa hivi.

Mama_Watatu_Mpeketoni

Tunatoka. Ahsante.

Mzalendo_Hindi

Sawa, mmetupa moyo. Lakini ninyi wa hospitali ndio mnaotuambia "ni mzio tu, ni mba tu" mpaka mtu anaoza. Limfoma ya kweli ya ngozi ipo au haipo?

Tabibu_Ngozi_Malindi

Ipo, na malalamiko yako yana haki. Kosa linaenda pande zote mbili.

Inayoonekana zaidi inaitwa maikosisi fungoidi. Alibert wa Ufaransa ndiye aliyeieleza kwanza, mwaka 1806. Haianzi na uvimbe. Inaanza na mabaka, tena mahali pasipoona jua: matako, mapaja ya juu, kiuno, chini ya matiti. Yanakaa miaka. Mtu anaambiwa ukurutu, anaambiwa soriasisi. Kwenye ngozi yetu nyeusi kuna aina inayotoka kama mabaka meupe-meupe, mara nyingi kwa vijana, na huyo atapakwa dawa ya mba mpaka achoke. Ukoma nao una mabaka meupe, lakini ya ukoma kwa kawaida yamekufa ganzi, na ganzi hiyo unaipima kwa pamba na mgonjwa amefumba macho, haigharimu kitu. Inasikitisha ni wangapi hawajawahi kuguswa na hiyo pamba.

Baka lisilosikia dawa ya ukurutu wala ya fangasi kwa miezi, linalopanuka, linaloanza kunenepa au kuchimbika, likatwe, na likatwe zaidi ya mara moja kwenye sehemu tofauti. Mitoki ikijitokeza, mwili ukipukutika, jasho likilowesha shuka, hapo ni haraka. Na hata ikiwa ndiyo, aliyegunduliwa mapema, mabaka yakiwa chini ya asilimia 10 ya ngozi, kwa kawaida huishi umri kama wa wenzake. Wengi hawa hawahitaji dawa za mishipani. Huanza na krimu au mwanga wa tiba.

Kuna na yule wa katikati anayetusumbua sote. Vipele vinavyotoka, vinachimbika, vinapona vyenyewe baada ya wiki kadhaa, vingine vinaota. Kwenye darubini vinatisha kuliko limfoma nyingi, mgonjwa mwenyewe anacheza mpira. Macaulay alivipa jina mwaka 1968, papulosisi ya kilimfoma. Havimuui mtu, lakini sehemu ya wagonjwa hao hupata limfoma baadaye, kwa hiyo hatumwachi aende zake.

Bibie_wa_Shela

Kumbe kuna "siyo, lakini rudi kila mara".

Tabibu_Ngozi_Malindi

Hata sudolimfoma yenyewe ni hivyo. Vinundu vikiisha, aonwe baada ya miezi, vikirudi akatwe tena. Ambaye havijaisha licha ya kuacha chanzo, huyo nitamfikiria upya kabisa, harusi au si harusi.

Mwalimu_wa_Langoni

Tumerudi kwa daktari wake. Amekubali krimu ziachwe, atakatwa tena kwa kina, na ameandika piko kwenye fomu, nimeliona kwa macho yangu. Amesema pia vinundu viwili vinavyowasha zaidi vinaweza kuchomwa sindano ya triamsinoloni, nayo ni steroidi, baada ya kukatwa, siyo kabla. Nimeuliza kama slaidi za kwanza zinaweza kuangaliwa na daktari mwingine wa patholojia bila kumkata mtu upya, naye akasema ndiyo, niombe slaidi pamoja na kile kipande kilichogandishwa kwenye nta. Hilo mimi sikujua kama linawezekana.

Mama ameambiwa. Amesema hata hivyo sadaka itatoka, maana keshanuia.

Maabara_Pwani

Inawezekana kabisa, mwalimu. Nenda na barua ya daktari na namba ya sampuli iliyo juu ya ripoti. Kipande cha nta ndicho muhimu zaidi, kwa sababu ndicho kinachokatwa upya kwa ajili ya kingamwili. Beba kwenye kiboksi kigumu, usikiache juani kwenye boti, nta inayeyuka. Na ukishamaliza kirudishe, maabara huweka kumbukumbu.

Kijana_wa_Ufuoni

Niko Malindi. Nina tatuu ya rangi tatu niliyochorwa hapa ufuoni, nyeusi na kijani ziko shwari, pale palipo nyekundu pamevimba na kuwa pagumu, panawasha. Nami nina limfoma ya bandia?

Tabibu_Ngozi_Malindi

Inaweza kuwa hiyo, inaweza kuwa mzio wa kawaida wa rangi, na kama sindano haikuwa safi inaweza kuwa maambukizi, hata ya kifua kikuu cha ngozi. Kwa macho hatuwezi kutenganisha. Njoo kliniki ya ngozi ukatwe kipande kwenye nyekundu, na upimwe homa ya ini na virusi vya ukimwi kwa ajili ya sindano hiyo. Usiichome kwa asidi ya betri, nimeshaona waliofanya. Na usipake kitu mpaka nikuone.